Mwanne binti Mussa na Kura za Matawi Manne

Miaka haina haraka Tabora. Masika hupisha kiangazi, majani ya miombo hugeuka mekundu kabla ya mvua na mvua zikitua hurudi kijani, na mtu asiyeangalia kwa makini hudhani hakuna kilichoondoka. Lakini katika wale waliozaliwa mtaa wa Gongoni mwaka mmoja na Mwanne binti Mussa, walio wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na nyumba zao zimevunjwa zikajengwa maduka. Yeye yungali hai. Miaka sabini imemtimia, na kila asubuhi, akishamaliza kuswali dhuha, hufungua mlango wa karakana yake ndogo kando ya barabara ya stesheni, akavaa miwani, akawasha chuma cha kulehemu na kuanza kutengeneza redio za watu.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Mussa alikuwa fundi wa saa na redio za wafanyakazi wa reli, naye alikaa miaka mingi bila mtoto wa kiume. Kwa hiyo binti ndiye aliyeketi mezani pake, akamshikia taa, akajifunza kutambua kwa pua tu waya ulioungua. Mtoto wa kiume, Awadhi, alikuja baadaye sana, Mwanne akiwa na miaka kumi na mmoja, na mama yao alipofariki, mtoto akiwa bado hajaacha kubebwa, neno lake la mwisho kwa bintiye lilikuwa fupi: "Mdogo wako huyo." Mwanne akamlea. Alimfulia, akamsomesha, akamwozesha. Alipoolewa yeye mwenyewe na Sadiki, mrina asali wa misitu ya kusini ya mji, Awadhi alihamia pamoja naye kama sehemu ya mahari iliyorudishwa kinyume, na Sadiki, Mungu amrehemu, hakuwahi kunung'unika.

Sadiki alimwachia mkewe mizinga arobaini ya magome iliyotundikwa msituni, na kwa mizinga hiyo Mwanne akawa mwanachama wa Umoja wa Warina Asali. Umoja huo ulikuwa na matawi manne: Tabora mjini, Usoke, Urambo na Bukene. Na kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka, na kwa kuwa hakuna aliyepata kumsikia akisema jambo asilolijua, wakamfanya katibu.

Sasa ni lazima ielezwe namna fundi redio wa Gongoni alivyokuja kuitia kanuni ya Wamarekani ndani ya chama cha warina asali, maana hapo ndipo mtihani wake ulipoanzia.

Mwishoni mwa mwaka 2000 Marekani walipiga kura ya rais, na kwa zaidi ya mwezi mzima hawakujua ni nani ameshinda. Redio zilizokuwa mezani kwa Mwanne zilikuwa hazizungumzi jingine. Kila aliyoitengeneza, alipoijaribu, ilimletea habari za jimbo moja ambalo kura zake zilikuwa zikihesabiwa na kuhesabiwa tena. Mwanne alishangaa. Hapa kwetu kura za rais hujumlishwa nchi nzima kama nafaka inayomiminwa ghalani. Punje ya Bukene na punje ya Dar es Salaam hazijulikani zikishachanganyika. Iweje basi nchi kubwa namna ile ingoje jimbo moja? Akaanza kuandika daftarini kila alichokisikia, na penye shaka akamwendea mwalimu wa uraia aliyekaa mtaa wa pili, hata akaelewa.

Alielewa kwamba Wamarekani hawamchagui rais wao kwa kura za watu moja kwa moja. Kila jimbo hupewa idadi yake ya wajumbe. Jimbo kubwa hupata wengi, lakini hata lililo dogo kabisa halipati chini ya watatu. Na karibu kila jimbo humpa wajumbe wake wote yule aliyeongoza humo, awe ameongoza kwa kura milioni au kwa kura mia. Wajumbe wote ni mia tano thelathini na wanane, na mwenye kufikisha mia mbili sabini ndiye rais. Kwa hiyo yawezekana mtu akapendwa na watu wengi zaidi, na bado asiingie Ikulu. Na mwaka ule ndivyo ilivyotokea.

Miezi michache baadaye Umoja ulikutana kutunga katiba yake, ukakwama mahali pamoja. Urambo peke yake ilikuwa na wanachama wanaokaribia nusu ya wote. Usoke na Bukene wakasema, "Tukihesabu vichwa, mwenyekiti atatoka Urambo mpaka kiama." Mkutano ukawa mzito kama hewa ya kabla ya mvua. Mwanne akanyanyua mkono, akaeleza aliyoyasikia redioni. Mzee mmoja wa Usoke, aliyekuwa mjukuu wa mpagazi, akacheka.

"Mbona hilo si geni, mwanangu? Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa hadi pwani mara sita. Alinisimulia kuwa wapagazi walijigawa kwa vyungu. Waliokula chungu kimoja, mdomo wao ulikuwa mmoja. Likija shauri la kuendelea au kupumzika, mnyampara hakuhesabu vichwa. Alihesabu vyungu."

"Na chungu cha watu wachache?" akauliza mmoja.

"Nacho ni chungu. Njaa ya watu wachache si njaa?"

Wakacheka wote, na kanuni ikapita kwa makofi. Awadhi, wakati huo kijana wa miaka thelathini na kitu, ndiye aliyepiga makofi marefu kuliko wote, kwa kuwa mleta hoja alikuwa dada yake. Mwanne aliiandika kwa mkono wake: kila tawi litakuwa na kura mbili za usawa, na juu yake kura moja kwa kila wanachama thelathini, atakayeongoza katika tawi atachukua kura zote za tawi hilo, na mwenye kura nyingi za matawi ndiye mwenyekiti.

Kwa miaka kumi na mitano kanuni hiyo haikumdhuru mtu, kwa sababu kila uchaguzi aliyependwa na wengi ndiye pia aliyeshinda matawi.

Awadhi naye alikua akawa mtu wa watu. Alihamia Urambo miaka minane, akawafundisha wakulima wa tumbaku kutundika mizinga, akiwaonyesha ni miti mingapi inayoteketea katika bani moja la kukaushia tumbaku, na ni asali kiasi gani ingetoka katika miti hiyo hiyo kama ingeachwa isimame. Nusu ya wanachama wa Urambo waliingia Umoja kwa mkono wake. Aliporudi kukaa Tabora na mkewe Zuena, alikuwa na sauti kubwa, pikipiki nyekundu, na mzaha kwa kila mtu.

Novemba ya mwaka 2016 alikuwa ameketi karakanani kwa dada yake redio ilipotangaza kwamba Marekani yametokea tena yale yale.

"Hebu rudia, dada. Yule mama kapata kura nyingi, halafu bwana ndiye rais?"

"Kamzidi kwa milioni mbili na ushei, na bado wanahesabu."

"Basi alizipata mahali pasipomfaa!" Awadhi akajipiga paja. "Kiongozi gani anakwenda kushangiliwa kule anakoshangiliwa siku zote? Ningekuwa mimi, ningepeleka miguu kule wanakonikunjia uso."

"Wewe utakunjiwa uso na nani?" akasema mteja aliyekuwa akingoja redio yake. "Ukipita tu, hata mbwa wanatikisa mkia."

Wakacheka. Mwanne naye alicheka.

Mwezi uliofuata Awadhi alijitokeza kugombea uenyekiti. Mpinzani wake alikuwa Damas, seremala wa mizinga kutoka Bukene, Mkatoliki wa makamo aliyezungumza polepole hata watu wakammalizia sentensi. Siku ya kupitisha majina Mwanne alisimama na barua mkononi. Akasema katiba inamtaka katibu asimamie uchaguzi, lakini mmoja wa wagombea ni ndugu yake wa tumbo moja, naye anaomba asimamie mtu mwingine.

Awadhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupinga. "Akae! Nani hapa hamjui dada yangu?"

"Akae," akasema na Damas. "Mizani ya asali tumemwachia yeye miaka yote. Kura zitamshinda nini, Bi Katibu?"

Mwanne akaikunja barua. "Nikikaa," akasema, "basi kuanzia leo hadi siku ya kutangaza, mimi sina mdogo."

Ukumbi mzima ulicheka, wakidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Aliyatamka yale kama mtu anayefunga nadhiri, na usiku wa siku ile, kwa maneno yake mwenyewe, alimwomba Mungu amsaidie kuibeba amana aliyojitwika mbele za watu.

Hakukawia kuuhisi uzito wake. Kampeni zilikuwa za wiki sita. Wiki ya kwanza Awadhi alikwenda Urambo. Ya pili akarudi Urambo. Ya tatu Urambo tena. Kila kijiji kilimtengenezea chakula, kina mama walimpokea kwa vigelegele, naye alirudi na vumbi hadi kwenye kope, anang'aa kwa furaha. Damas alikuwa akizunguka kwa baiskeli. Aliketi Usoke na watu wanane, kesho yake na watu watano. Alikuja Tabora mjini, akagonga mlango mmoja mmoja, akawasikiliza wanachama wa pale wakilalamika kwamba Awadhi amekuwa mtu wa Urambo na mji wake ameusahau.

Mwanne alikuwa na daftari la wanachama rafuni, na hesabu ya matawi kichwani. Urambo ilikuwa na kura kumi tu kati ya ishirini na tano. Ishinde kwa kichwa kimoja, ishinde kwa vichwa mia, ni kumi zile zile. Zikiongezewa nne tu za Bukene, zingetosha. Kila siku ambayo mdogo wake alikwenda kushangiliwa Urambo ilikuwa siku iliyomwagwa mchangani.

Jumatano moja baada ya alasiri Awadhi alipita kula. Alikuwa na haraka. Alinawa mikono amesimama.

"Kesho narudi Urambo, dada. Kule hata kuku wananijua jina."

Mwanne alimtazama. Neno moja tu lilihitajika. Bukene. Lilikuwa mdomoni limekwisha kuiva, naye alikuwa amemfundisha mtoto huyu kutembea. Hakuna ambaye angesikia ila kuta za jiko.

"Kula," akasema. "Ugali utapoa."

Awadhi akala, akashukuru, akapanda pikipiki yake. Mwanne alibaki ameshika sahani hadi mlio wa injini ulipopotea, kisha akaenda kutawadha, ingawa udhu alikuwa nao.

Kura zilipigwa Jumamosi moja ya Februari, kila tawi mahali pake. Jumapili wajumbe walikuja na bahasha zilizofungwa, wengine kwa treni, wengine kwa basi, wakakutana katika ghala la Umoja mjini Tabora, penye harufu ya nta. Lakini simu zilikuwa zimetangulia. Kabla bahasha hazijafunguliwa, mji mzima ulikwisha kujumlisha vichwa: Awadhi mia tatu na nne, Damas mia mbili na sita. Kwa Awadhi sufuria la pilau lilikuwa motoni, na mkewe Zuena alikuja mbio hadi mlango wa ghala, kanga imemteleza begani.

"Wifi, tumeshinda!"

Mwanne alimrudishia kanga begani.

"Wifi, mbona uso huo?" Zuena akamtazama, kisha akaelewa, maana hakuwa mjinga. Sauti yake ikashuka. "Wewe ndiye uliyeiandika ile karatasi. Wewe ndiye unayeisoma. Nani atakuuliza ukisoma vichwa badala ya matawi? Watu wamekwisha kumkubali."

"Zuena, rudi nyumbani."

"Wewe ni wa kwetu au wa kwao?"

"Leo si wa mtu. Rudi nyumbani, mama. Lakini pilau usiizime, watu watakula tu."

Akaingia. Alifungua bahasha moja baada ya nyingine mbele ya wote, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Tabora mjini, Awadhi hamsini na saba, Damas sitini na tatu: kura sita za tawi kwa Damas. Usoke, arobaini na mbili kwa arobaini na nane: kura tano kwa Damas. Bukene, ishirini na tano kwa thelathini na tano: kura nne kwa Damas. Urambo, mia moja themanini kwa sitini: kura kumi kwa Awadhi.

Katiba ilimtaka atangaze kura za matawi peke yake. Yeye akatangaza na vichwa pia. "Wanachama mia tatu na nne wamemtaka Awadhi," alisema. "Mia mbili na sita wamemtaka Damas. Sitaficha hilo, na litaandikwa katika kumbukumbu. Lakini kwa kanuni tuliyojiwekea, kura za matawi ni kumi na tano kwa kumi, na mwenyekiti wa Umoja huu ni Damas wa Bukene."

Wilbroad, kiongozi wa tawi la Urambo, mtu mwenye mwili mkubwa na hasira ya karibu, aliruka hadi benchi likaanguka. "Huu ni uhesabuji wa wapi? Mia tatu inashindwa na mia mbili? Hata ng'ombe wangu wanajua!"

"Ulipiga makofi kanuni hii ilipopita, Wilbroad."

"Nilipiga makofi kwa sababu sikudhani itatokea!"

Kwa kweli huo ndio ulikuwa ukweli wa watu wote waliokuwamo, na Wilbroad peke yake ndiye aliyekuwa na uaminifu wa kuutamka. Damas aliketi ameinamisha kichwa kama aliyeshindwa. Awadhi alisimama, akampa mkono, kisha akatoka nje bila kumtazama dada yake.

Miezi minne hakukanyaga kwake. Ijumaa alizozoea kula kwa dada yake zikapita, sahani yake ikawekwa ikaondolewa. Watu wa mtaani wakagawanyika: wengine walimsifu Mwanne mbele yake na kumsengenya nyuma yake, wengine walifanya kinyume. Mwanamke mmoja alimwambia sokoni kwamba mtu anayemuuza ndugu yake kwa karatasi hastahili kuzikwa na ndugu. Mwanne alimwitikia salamu, akachagua nyanya zake, akaenda zake. Lililomtesa halikuwa maneno hayo. Kila alipoinama mezani pake alikiona kile alichokinyamazia jikoni, na hakujua kama mama yake angekielewa.

Huko Urambo wakaanza kuandaa waraka wa kujitenga na kuunda chama chao. Umoja usingeishi bila wao. Hakuna mnunuzi ambaye angefunga safari hadi Tabora kwa asali ya matawi matatu madogo. Na mwenyekiti waliyemtaka kwa chama kipya alikuwa Awadhi.

Siku moja ya Juni, adhuhuri, kivuli kikaziba mlango wa karakana. Awadhi akaweka redio mezani, akaketi kwenye kigoda cha wateja bila kusalimu. Kisha akakumbuka adabu. "Shikamoo, dada."

"Marahaba." Mwanne akaifungua redio, akaikagua waya kwa waya, akaiwasha. Ikaimba. Akaizima. "Redio hii nzima."

"Najua."

Akaendelea kuishika, apate cha kufanya mikononi.

"Ulijua?" akauliza Awadhi.

"Nilijua tangu wiki ya pili."

"Nikala ugali wako, ukanitazama, ukajua."

"Ndiyo."

"Mimi ningekwambia, dada. Wallahi ningekwambia."

"Ndiyo maana hukupewa wewe kusimamia."

Kicheko kikamtoka Awadhi bila yeye kutaka, kibaya, cha mtu aliyechomwa mwiba. Akajifuta macho kwa kiganja. "Kura mia moja zaidi. Mia moja kasoro mbili."

"Nilizisoma mwenyewe. Unadhani nilikuwa nasoma gazeti?"

Nje gari moshi la mizigo lilipiga honi likiingia stesheni.

"Urambo wananitaka niwaongoze wajitenge. Jumapili watasaini. Nifanye nini?"

Mwanne akaweka redio chini. "Februari ungeniuliza, nisingekujibu. Leo si msimamizi wako, ni dada yako, na maneno niliyoyameza bado ninayo. Usiwatenge. Wewe ndiye uliyewaingiza. Na ukimaliza huko, panda treni uende Bukene. Hawakukukataa wale, Awadhi. Hawakupata kukuona."

Aliondoka bila redio yake.

Jumapili Mwanne alipanda basi kwenda Urambo, akaketi benchi la nyuma kabisa la jengo la mkutano, kati ya kina mama. Hakujua mdogo wake angesema nini. Wilbroad alisoma waraka, akauweka mezani pamoja na kalamu, akamkaribisha "mwenyekiti wetu wa haki". Watu wakashangilia kwa muda mrefu. Awadhi aliiacha kelele iishe yenyewe.

"Mwangaluka," akaanza kwa Kinyamwezi, wakaitikia. Kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Mnasema nimeibiwa. Nani kaniibia? Bahasha ilifunguliwa mbele yenu. Kanuni ilikuwa ukutani miaka kumi na mitano, na mimi niliipigia makofi hadi viganja vikawaka. Nilikuja hapa wiki tano kati ya sita. Mlinipikia kuku. Bukene sikwenda hata siku moja. Sasa mtu wa Bukene kanishinda kwa kuwa yeye alikwenda kwa watu nami nilikuja kuimbiwa, halafu nikivunje chama?"

"Lakini tulikuwa wengi!" akapaza sauti Wilbroad.

"Mlikuwa wengi. Na kanuni hiyo huenda ni mbaya. Tuibadilishe kwa njia yake. Lakini leo nikisaini hapa kwa sababu nimeshindwa, kesho ninyi wenyewe mtajitenga nami mkishindwa. Sisaini."

Palizuka ubishi uliochukua saa nzima, na baadhi ya watu walitoka kwa hasira. Mwishoni kalamu ilibaki mezani na waraka haukusainiwa. Mwanne alitaka kuondoka kimyakimya, lakini Awadhi alimwona, akapita katikati ya watu, akamchukulia mkoba wake. "Umekula?" akamuuliza. Wakaongozana hadi kituo cha basi.

Awadhi akaenda Bukene. Alikusudia kukaa wiki mbili, akakaa miezi mitatu, akitundika mizinga pamoja na Damas, na hadi leo huenda huko kila msimu. Uenyekiti hakuugombea tena.

Na kanuni? Mwaka huo huo, katika mkutano mkuu, Mwanne mwenyewe alileta hoja ya kuibadilisha. Alisema aliiandika kwa nia njema, lakini ameona kwa macho yake watu mia tatu wakirudi nyumbani wakihisi hawakuhesabiwa, na jambo hilo halimpi raha. Aliyempinga alikuwa Josepha, mwanamke wa Bukene mwenye mizinga sita tu.

"Bi Katibu, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini mkianza kuhesabu vichwa, nani atapanda baiskeli kuja kuniuliza mimi ninataka nini? Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nimetembelewa na mgombea, na hata na aliyekuwa mgombea. Mnataka kuniondolea?"

Mwanne akamsikiliza hadi mwisho. "Hoja yako ina nguvu, binti yangu," akasema, "nami sina jibu lake lote." Mabadiliko yalihitaji matawi matatu, yakapata mawili. Akaandika kwa mwandiko wake ule ule ulionyooka kwamba hoja ya katibu imeanguka. Miaka mitano baadaye aliileta tena, ikaanguka tena, akaandika tena. Hajachoka, wala hajawahi kumchukia Josepha. Bali redio ya Josepha ndiyo pekee anayoitengeneza kabla ya zamu yake.

Ni nadra kukutana na mtu aliyetunga sheria, ikamuumiza, akaitii, kisha akaomba kwa upole ibadilishwe, na alipokataliwa akaitii tena. Wenye elimu kubwa kuliko yake wameshindwa hata kuitii mara ya kwanza. Mwanne hakusoma zaidi ya darasa la saba. Alichokuwa nacho ni hofu ya Mungu, mkono usiotetemeka, na mdogo mmoja aliyempenda kiasi cha kumnyamazia.

Mola aliye Mpole amhifadhie Mwanne binti Mussa nuru ya macho yake na utulivu wa moyo wake, amjaalie mwisho mwema baada ya umri mrefu. Amrehemu baba yake Mussa, na mama yao aliyemkabidhi mtoto, na Sadiki mumewe, awakunjulie makaburi yao. Amwekee Awadhi baraka katika kila mti anaoupanda na kila njia anayoipita, ampe Zuena furaha ya nyumba yake, awakuze watoto na wajukuu wao katika haki na upendano, wala asiwatenganishe kwa jambo la dunia. Amin.